Namna ya kurudilia Risk, dama na batay navale na barafiki ba zamani kama kila mutu iko mu muji yake

Kama muko na grupe ya WhatsApp ya barafiki benye mulikomea pamoja, na kila mwisho wa mwaka kuna mutu anaandika "tungerudilia ile Risk yetu", bote banacheka, kisha hakuna kintu inaanza, basi soma hapa. Programu za kucheza Risk (ule muchezo wa ubao wa kushinda dunia na askari na dadu), dama na michezo ingine ziko, mingi ni ya bure, na telefone ya kawaida inatosha. Kwenye inakwamaka ni hapa: batu banataka kucheza live, bote siku moja saa moja, sawa vile bangali mu salon ya mama ya mutu kule Ibanda, na kumbe moja iko kazini Lubumbashi, mwengine Kampala, mwengine Liège na batoto badogo, na wewe uko Bukavu batri inasoma 11% na umeme ulishaenda tangu saa kumi.

Kwa hiyo kama utashika neno moja tu, shika hii: mucheze zamu kwa zamu, pole pole, musicheze live.

Pole pole ni namna gani

Ukishacheza unafunga telefone unaenda kufanya kazi yako, mwenzako anapata notifikasio, atajibu akiwa na rezo, akiwa na mega, akiwa ametoka ku soko. Haiko kintu mupya ata kidogo, batu ba eshek balikuwa banacheza kwa posta, kadi inaenda na zamu moja imeandikwa juu, kadi ingine inarudi, na federasio ya dunia ya eshek ya posta iko tangu 1951. Balikuwa na uvumilivu kuliko sisi.

Fasi zenye zinakubali hii namna ziko mingi lakini mi naona hizi njo za kuanzia. Kwa eshek, Lichess, yenye Mufaransa Thibault Duplessis alianzisha 2010, ni bure yote mpaka leo na haina publisite. Unachagua kucheza na rafiki, unaweka korespondansi, unachagua siku ngapi kwa kila zamu (inaenda kutoka 1 mpaka 14), unaweka bila pointi ju munacheza kati yenu, kisha unakopi linki unatupa mu WhatsApp. Kwa dama kuna Lidraughts, ilijengwa juu ya kodi ile ile ya Lichess, kwa hiyo ukijua moja umejua ingine. Kwa michezo ingine mingi kuna Board Game Arena, nayo ni ya Bafaransa, ilianza 2010, kampuni ya Asmodee iliinunua 2021, unacheza mu navigatere bila kupakua kintu na unaweza kuiweka mu Kifaransa. Pale unapofungua meza angalia vizuri, kuna "temps réel" na kuna "tour par tour", batu bengi banabonyeza ya kwanza bila kusoma kisha banashangaa mashini inabahesabia dakika. Michezo ingine pale ni ya benye banalipa abonema, lakini mutu moja tu mwenye analipa anaweza kufungua meza na kuita bengine bote bacheze bure. Hiyo tutairudilia mwisho.

Na mega? Zamu moja ni maandishi kidogo tu, haikule kintu ukilinganisha na video zenye munatumianaka asubuhi mpaka usiku. Chenye kinakula ni kufungua mara ya kwanza na kupakua programu, hiyo fanya ukiwa ku wifi ya ofisi ao ya chuo.

Najua kuna bale batakataa, batasema Risk bila live haina utamu. Sawa, basi mara moja moja mufanye live, lakini muandike saa vizuri. Bukavu, Goma na Lubumbashi tuko saa moja. Ikiwa kwetu 20h, Kinshasa ni 19h, Kampala ni 21h, Liège ni 20h wakati ya joto na 19h wakati ya baridi, na kama kuna mutu Montréal kwake ni 14h ao 13h, maana iko kazini, usimulalamikie. Muandike 20h, musiandike "saa mbili", ju yule wa Ulaya atakuja mchana.

Kelele njo muchezo

Programu inatupa dadu, inahesabu askari, inakatala mwenye anataka kuiba, lakini haicheki. Mu salon mulikuwa munacheza robo, robo tatu zilikuwa kubishana na kuchekeleana. Ukiondoa hiyo, kisha wiki mbili batu banacheza zamu yabo sawa banajaza fishi ya ofisi, moja anasahau, wa pili anasahau, muchezo unakufa bila mutu kusema kama umekufa.

Kwa hiyo muweke hii sheria tangu siku ya kwanza: kila mutu akicheza zamu, anatuma odio moja mu grupe. Fupi, nusu dakika. Atangaze vita kama radio, amutukane kidogo mwenye ameshambulia, aseme ju ya nini amefanya vile ata kama ni uongo. Yule wa Liège anasikiliza mu basi akienda kazini, anacheka peke yake, anajibu. Utaona batu benye balikuwa habaandike kintu mu grupe miaka mingi banaanza kutuma odio tatu kwa siku.

Na mufungue grupe ya pembeni ya muchezo. Ile grupe yenu ya kawaida yenye munatumiaka kotizasio za kilio na fakire za ndoa muiache vile, haiko vizuri mutu anatangaza mama yake iko hospitali na chini yake kuna mujinga anapiga kelele eti amechukua Madagascar.

Sasa kuna shida moja yenye telefone imeleta na zamani haikuwa: inbox. Mu salon kama babili banataka kupatana kumupiga wa tatu, ilikuwa lazima banong'onezane, na wote munabaona, unaona mutu anamufuata mwenzake mpaka ku jikoni eti anaenda kuchukua maji. Ile kuona ilikuwa sehemu ya muchezo. Mu telefone hauone kintu. Batu babili banaweza kupanga kwa inbox juma nzima, unakuja kushituka Ulaya imeisha. Kwa watu bengine hiyo inachoma moyo kabisa na inaingia mpaka mu urafiki. Mi naona mupige marufuku inbox kwa michezo yote, mapatano yote yapite mu grupe mbele ya macho ya kila mutu, kasoro Diplomacy, muchezo ingine nitaisema ku mwisho, yenye kupatana kwa siri njo muchezo yenyewe.

Muandike sheria mbele ya kuanza

Kila mutu anakumbuka sheria ya kwabo. Moja alijifunzia Risk kwa muyomba, mwengine mu internati, mwengine boite yao ilikuwa imepotelewa na kitabu cha sheria basi baba yake alitunga. Mulikuwa munacheza pamoja na bado hamukubaliane, ju mwenye alikuwa na sauti kubwa njo alikuwa anashinda mabishano. Mashini haijali sauti ya mutu. Kwa hiyo mbele ya kufungua meza mutu moja aandike mesaji, muijadili, kisha mui-epingle juu ya grupe. Mufano wa Risk:

"SHERIA ZETU. 1. Tunacheza na misio, hatumalize dunia yote. 2. Karata ni 4, 6, 8, 10, haipande. 3. Mapatano yote mu grupe, inbox hapana. 4. Zamu siku 3. 5. Mutu akinyamaza, mbele ya kumutoa tunamuita ku telefone. 6. Mwenye anasema dadu zinaiba, alete hesabu."

Namba 2 njo inaletaka vita kuliko zote, kwa hiyo niieleze. Kuna namna mbili za kubadilisha karata tatu kwa askari za zaidi. Ya kwanza, bei haibadilike: tatu za baaskari ba miguu ni 4, tatu za farasi ni 6, tatu za mizinga ni 8, moja moja ya kila aina ni 10. Ya pili, bei inapanda kila mara mutu yeyote anabadilisha: 4, 6, 8, 10, 12, 15, kisha inaongezeka 5 kwa 5. Ile ya pili inamaliza muchezo haraka ju ku mwisho mutu anashuka na askari 30 kwa mara moja. Ya kwanza ni ya benye banapenda kupanga. Zote ni za kweli, hakuna mwenye alikuwa anawadanganya, inategemea boite ilitoka wapi.

Na misio ni hivi: badala ya kushinda dunia yote kila mutu anapata karata ya siri, mufano kushika teritware 24, ao kushika mabara mbili fulani. Kwa kucheza pole pole chagueni misio, bila hiyo mutakuwa mungali munacheza mupaka uchaguzi ingine.

Risk, na ile shida ya Congo

Risk ilitungwa na Mufaransa wa sinema, Albert Lamorisse, ikatoka 1957 na jina La Conquête du Monde. Teritware 42, mabara 6. Na moja kati ya zile 42 inaitwa Congo, njo maana kila mara kucheza na batu ba kwetu kuna mwenye anaanza kwa kusema "mi nachukua Congo, hiyo ni ya baba yangu" na anaweka askari kumi pale katikati.

Ndugu, angalia karte. Congo inapakana na tatu tu: Afrika ya Kaskazini, Afrika ya Mashariki, na Afrika ya Kusini. Zote ni za ndani ya Afrika. Hakuna mutu wa inje anaweza kuingia Congo bila kupita kwanza mu moja ya zingine. Kwa hiyo ukiisha kushika bara yote, askari ulioacha Congo haichunge kintu, imelala. Milango ya Afrika iko tatu: Afrika ya Kaskazini (banaingilia toka Brazil na Ulaya), Misri (toka Ulaya ya Kusini na Mashariki ya Kati), na Afrika ya Mashariki (toka Mashariki ya Kati). Askari zote ku milango. Na kwa hiyo kazi yote ya kuchunga milango tatu unapata askari 3 za zaidi kwa zamu, wakati Australia iko na mulango moja tu, Indonesia, na inakupa 2. Njo maana yule rafiki mwenye alikuwa ananyamazaka, mwenye alikuwa anaanza Australia kila mara, alikuwa anashinda mara mingi kuliko bale ba kelele.

Dadu. Kila mutu akipoteza mu telefone anasema programu inaiba. Hesabu ni hii: ukishambulia na dadu 3 mwenzako anajikinga na 2, mara 37 kwa 100 unamuulia babili, mara 29 yeye anakuulia babili, na mara 34 kila mutu anapoteza moja. Maana kushambulia na batu bengi ni faida, kidogo. Lakini ukifika ku dadu moja kwa dadu moja, unashinda mara 42 tu kwa 100, ju mukifanana mwenye anajikinga njo anashinda. Batu banashambulia mpaka askari ya mwisho kisha banalia. Ile programu rasmi ya Risk ya telefone iko na chaguo mbili za dadu, moja ya bahati kamili na moja yenye inapunguza maajabu. Mukubaliane mbele ya kuanza.

Kama munataka namna ya mu navigatere kuna Conquer Club, zamu ni masaa 24, inatosha kama umeme hausumbue sana. Kuna pia Warzone, zamani iliitwa WarLight, iko bila dadu za kutupa, kila mutu anaandika amri zake kwa siri kisha zote zinatembea kwa pamoja. Ni muchezo ingine kabisa, ya kufikiria mwenzako atafanya nini, lakini ku batu ba mbali inaenda vizuri sana ju hakuna kumungojea mutu wa mbele yako.

Lakini njia yenye mi napenda kuliko zote ni ya boite. Kati yenu lazima kuna mutu iko nayo bado, iko chini ya kitanda kwabo, kona zimefungwa na skochi. Huyo anakuwa mushika meza. Anaweka karte juu ya kabati kwenye batoto habafike, kila zamu anasogeza askari na anatuma picha ya juu, mwangaza muzuri, apana picha ya pembeni yenye haione Siam na Indonesia. Dadu zinatupwa ku Telegram: ukituma kile kikatuni cha dadu kinazunguka chenyewe na kinaanguka, namba inatoka ku seva, mutu hawezi kuichagua, na bote banaiona. Mwenye anashambulia atume dadu zake tatu kisha atume mbili za mwenye anajikinga, ju mukingojea yule aamuke Montréal kwa kila dadu hamutamaliza. Karata za siri mushika meza anatuma kwa kila mutu inbox, hiyo njo inbox moja yenye inaruhusiwa. Faida ya hii njia ni kama munaweza kucheza na sheria yoyote ya ujinga yenye mulitunga mukiwa na miaka 14, hakuna programu itawakatalia.

Dama

Hapa muwe macho ju dama ziko mingi. Ile kubwa ya kimataifa ni ubao wa 10 kwa 10, kete 20 kila upande. Ukifungua Lidraughts hiyo njo inakuja kwanza. Kama ninyi mulikuwa munacheza ku ubao wa 8 kwa 8 na vifuniko vya chupa, kete 12 kila mutu, na kete yenye imekuwa dama inaruka mbali kabisa mpaka kona, basi chagueni ile inaitwa ya Brazil, ni sheria za kimataifa ku ubao mudogo. Kuna na ya Russia: pale haulazimishwe kukula njia yenye iko na kete mingi, na kete ikifika ku mwisho katikati ya kukula inageuka dama papo hapo na inaendelea kukula. Musichague ile ya Kiingereza, dama yake inatembea hatua moja moja, mutadhani telefone imeharibika.

Kintu kimoja bavieux batakilalamikia: kusufle. Ku barabara mutu akisahau kukula unamusufle, unachukua kete yake, unapuliza na mudomo, bote banapiga kelele. Mu programu haiko. Kama kukula ni lazima, programu haikubali usogeze kintu ingine, unabonyeza bonyeza kete haitembee. Bale benye balikuwa banaishi kwa kusufle benzao ghafla banaonekana bachezaji ba kawaida tu.

Na kama kuna mutu anasema dama ni ya bazee ba kukaa chini ya muti, mumuambie Baba Sy wa Senegal, alikuwa kati ya bakubwa ba dunia miaka ya 1960, na 1986, kisha kufa kwake, federasio ilimutambua kama bingwa wa dunia.

Stratego ao kitu cha kufichana

Ubelgiji iliuza mingi hii, na boite zingine zilifika kwetu na baba ao bayomba. Kila mutu askari 40 zenye mwenzake haone: marshal moja, jenerali moja, bomu 6, batoa-mabomu 5, baskuti 8, mupelelezi moja, na drapo. Mabishano mawili ya kumaliza mbele. Namba: ku boite za Ulaya marshal ni 10, ku zingine za zamani za Marekani marshal ni 1, kwa hiyo muulizane. Skuti: sheria za zamani zilikatala aruke mbali na kushambulia mu zamu ile ile, za mupya zinakubali.

Na ushauri wa bure: badilisha mupango wako. Rafiki wa zamani anakumbuka. Kama ulikuwa unaficha drapo ku kona na bomu mbili kandokando, huyo mutu atatuma batoa-mabomu moja kwa moja ku ile kona, hatatafuta fasi ingine. Weka bomu mbili ku kona na ndani yake weka sajini wa bure, drapo iende ingine kabisa.

Kama hamupate programu yenye inawapendeza, kuna namna ya mwamuzi. Kila mutu anapanga askari zake ku karatasi, anapiga picha, anamutumia rafiki wa tatu. Mukigongana mwamuzi anaandika tu mu grupe nani amekufa na namba zao. Inakuwa muzuri kama mwamuzi ni mutu wa odio.

Batay navale, ya benye habana mega

Hii hakuna mwenye hajui, ile ya kaye ya karo, mwalimu akiandika ku tableau. Karo 10 kwa 10, A mpaka J na 1 mpaka 10, meli tano: ya 5, ya 4, mbili za 3, na ya 2, jumla karo 17. Unaandika "F6", mwenzako anajibu "maji" ao "imegusa" ao "imezama". Ata SMS inatosha, ata rezo ikiwa ya E. Chenye kinabadilika ku umbali ni kama mutu anaweza kusogeza meli yake usiku. Dawa: mbele ya kuanza kila mutu anapiga picha ya karatasi yake, anaituma kwa rafiki wa tatu mwenye hacheze. Picha iko na siku na saa. Ku mwisho anazitupa zote mbili mu grupe.

Igisoro na kisolo

Kwa benye bakubwa babo balicheza igisoro (uku Kivu) ao kisolo (uku kwa Baluba, Lubumbashi mutabapata), programu nzuri ni ngumu kupata, awale njo iko mingi na haiko sawa, iko na mistari mbili tu. Basi mufanye na mikono. Igisoro ni mistari 4 ya mashimo 8 na kete 64. Chukua plato mbili za mayai, zile za 30, kata kila moja 4 kwa 4, unganisha na skochi: umepata 4 kwa 8. Kwa kisolo, 4 kwa 7, moja uikate 4 kwa 3. Maharagi iko ku jikoni. Kila mutu anatengeneza yake, munaandika namba ku mashimo na bik, na kila zamu munatuma shimo gani mumeanzia na picha ya kisha. Kama picha mbili hazifanane munarudi nyuma zamu moja. Sheria zinabadilika kilima kwa kilima, hapa kweli muulize muzee moja na mufuate yake.

Diplomacy nitaipita haraka. Allan Calhamer, Mumarekani, alitoa 1959, batu 7, Ulaya ya 1901, hakuna dadu, kushinda ni kushika miji 18 kati ya 34. Ku webDiplomacy unaweza kuweka mpaka siku 10 kwa zamu. Kazi yote ni kuahidiana na kudanganyana kwa inbox. Ni muchezo muzuri sana na mi siishauri ku grupe yenye iko na deni za makuta kati yabo.

Mutu akinyamaza

Programu karibu zote zinamupigisha ao zinamufukuza mwenye amepitisha wakati. Ku Lichess siku zikiisha umepoteza. Kwa batu ba Goma na Bukavu hii haifai kuachiwa mashini, mutu anaweza kukosa rezo ao kukosa umeme siku kadhaa, ao ziko sababu zingine zenye sote tunazijua. Kwa hiyo muweke siku mingi kuliko zenye munadhani munahitaji, 3 ni ya chini, 7 ni muzuri. Na muchague mutu moja, yule wa upole, kazi yake ni kuita. Kama zamu ya mutu imelala anaita kwanza kuuliza kama iko muzima, habari za nyumba, habari za batoto, muchezo anaitaja ku mwisho. Kama mutu iko na shida ya kweli munasimamisha yote, munapiga picha ya meza, munangojea. Kama ni uvivu tu, askari zake zinabaki zimesimama pale zilipo bila kushambulia, na bengine banazikula pole pole mbele ya macho yake. Kwa kawaida hiyo inamuamusha.

Ku mambo ya kuweka makuta: musiweke. Batu bengine watalipa, bengine batasahau, na utaanza kumudai rafiki wa miaka makumi mbili dola tano. Mwenye amekuwa wa mwisho anatumia mushindi forfe ya mega ya juma moja, bas, na odio ya kumusifu ya dakika moja kamili bila kucheka, akicheka anaanza upya. Yule wa Liège forfe yetu haimusaidie na yake haitufikie, basi akishindwa yeye anachukua abonema ya Board Game Arena ya mwezi moja na anafungua meza kwa wote.